Seramiki Si Ngao ya Gari

Seramiki ya gari ni kimiminika chenye kemikali za silikoni. Huuzwa katika chupa ndogo, aghalabu ya mililita 30 au 50, na chupa moja hutosha gari zima. Fundi hukidondosha kwenye sponji iliyofungwa kitambaa laini, hukisambaza juu ya rangi kipande kwa kipande, hukipangusa baada ya muda mfupi, kisha huliacha gari likauke. Kinachobaki ni utando mwembamba usioonekana, mgumu kiasi, ambao maji hayaushiki. Juu ya utando huo imejengwa imani kubwa: kwamba gari lililopigwa seramiki halikwaruziki, halifubai, halishiki uchafu, na kwamba mwenye gari amemalizana na habari ya matunzo kwa miaka mitano au zaidi. Imani hiyo ni potofu. Huchukua ugumu wa penseli ikauita ugumu wa jiwe, huchukua maji yanayoteleza ikayaita usafi, na huupa utando sifa za kazi iliyofanywa na mashine ya polishi.

Jina lenyewe lina lawama yake. Anayesikia neno seramiki hufikiria vigae vya bafuni, sinki au vikombe vya kauri, vitu vilivyotokana na udongo uliochomwa tanuruni hadi ukawa kama jiwe. Mpako wa gari haupiti tanuruni. Ndani ya chupa mna polisilazani, polisiloksani au mchanganyiko wake, zikiwa zimeyeyushwa katika kimiminika kinachoruka upesi. Kikisharuka, molekuli zilizobaki huvuta unyevu wa hewani na kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikaunda mtandao wa silikoni na oksijeni ulioganda juu ya rangi. Mtandao huo ni wa ukoo wa kioo, ila umebeba pia vikundi vya kaboni na haidrojeni, na hivyo ndivyo vinavyofukuza maji. Ni kemia nzuri, lakini kigae hakimo.

Baada ya jina huja unene. Rangi ya gari kutoka kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Tabaka la juu kabisa, lile lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia, huchukua mikroni 35 hadi 50 za unene huo, na ndilo linalobeba mng'ao na kinga dhidi ya jua. Seramiki iliyokauka huongeza hapo mikroni moja, mbili zikizidi. Sasa utazamwe upande wa adui. Kwa kipimo kimoja kinachotumiwa sana na wanaopima udongo, chembe haiitwi mchanga mpaka ifikie upana wa mikroni 63. Chembe ndogo kuliko zote inayostahili jina la mchanga ni kubwa angalau mara 30 kuliko utando unaotegemewa kuizuia. Kokoto inayorushwa na tairi la lori kati ya Mombasa na Nairobi haina hata haja ya kuingizwa katika hesabu hiyo. Kinachoweza kupunguza madhara ya kokoto ni filamu ya plastiki ya poliyurethani yenye unene wa mikroni 150 hadi 200, na hiyo ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine.

Wauzaji huijibu hoja ya unene kwa alama iliyochapwa kwenye maboksi mengi: 9H. Mnunuzi aliyesoma habari za miamba shuleni hukumbuka kipimo cha ugumu wa madini kilichopangwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho talki ni namba 1, almasi ni namba 10, na yakuti ni namba 9. Kwa kumbukumbu hiyo, 9H husikika kana kwamba gari limevishwa yakuti na limebakiza hatua moja kufikia almasi. Lakini H hiyo haitoki kwa Mohs. Ni H ya penseli, ile ile iliyo katika HB ya mwanafunzi. Katika kipimo hiki penseli huegemezwa kwa pembe ya digrii 45, husukumwa juu ya mpako chini ya uzito wa gramu 750, na penseli ngumu kuliko zote ambayo haikuacha mkwaruzo ndiyo inayoupa mpako daraja lake. Penseli zenyewe hutengenezwa kwa kinywe, madini laini yale yale yanayopatikana Mahenge, Tanzania, yaliyochanganywa na udongo na kuchomwa. Kadiri udongo unavyozidi ndivyo H inavyopanda.

Maana ya kipimo hicho inaweza kuthibitishwa nyumbani bila gharama. Penseli, iwe ya daraja lolote, haikwaruzi kioo cha dirisha. Mchanga hukikwaruza. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, namba 7 katika kipimo cha Mohs, wakati kioo cha dirisha kiko karibu na 5 na nusu. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami limepata wekundu wake kutoka oksidi za chuma, na ndani yake mna chembe hizo hizo za kwatzi. Utando uliofaulu mtihani wa penseli umelinda gari dhidi ya penseli. Tena, ugumu wake umekaa juu ya kitu laini: klia ni plastiki, na chembe inapoibonyeza, utando ulio juu hupasuka kama ganda la yai lililowekwa juu ya godoro. Ndiyo maana daraja lililopatikana kwa kupaka mpako juu ya kioo au bati la maabara haliwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye boneti.

Isitoshe, mikwaruzo mingi inayoharibu sura ya gari haitoki barabarani. Hutoka mikononi mwa wanaolisafisha. Katika miji ya Afrika Mashariki, mlinzi au dereva huanza asubuhi kwa kupangusa vumbi la usiku kwa kitambaa kikavu, ili mwenye gari alikute linameta. Kwenye vituo vya kuoshea magari, kitambaa kilichotoka kusugua matairi ya daladala huhamia kwenye boneti ya gari linalofuata. Ndoo ni ile ile, maji yameshageuka tope, na sabuni ni ya unga wa kufulia. Kila mpanguso huburuta chembe za kwatzi juu ya rangi. Jua linapopiga, matokeo huonekana wazi: mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui uliotandazwa juu ya mlango mzima. Rangi nyeusi huionyesha zaidi, nyeupe huificha. Seramiki haibadilishi lolote katika desturi hiyo. Kwa kuwa uso wake unateleza, uchafu huachia kwa nguvu ndogo zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini faida hiyo humfikia anayesuuza vumbi kwa maji kabla ya kugusa rangi. Anayeanza na kitambaa kikavu huukwaruza kwanza utando aliolipia, kisha klia iliyo chini yake.

Sifa inayouza seramiki kuliko zote ni namna maji yanavyosimama juu yake. Matone hujikunja kama shanga na kukimbia gari linapoondoka, na mtazamaji huhitimisha kwamba mvua sasa italiosha gari yenyewe. Mfano wa kitu kinachojiosha kweli upo shambani: jani la magimbi. Uso wa jani hilo una vinundu vidogo sana vilivyofunikwa nta, na tone la maji husimama juu yake kwa pembe inayozidi digrii 150, karibu duara kamili, likabingirika na kuzoa vumbi njiani. Uso wa gari lenye seramiki ni laini, hauna vinundu, na pembe ya tone juu yake huwa kiasi cha digrii 100 na ushei. Tone la namna hiyo hufukuzika, lakini halizoi uchafu kama linavyozoa la jani la magimbi. Gari lililopita kwenye vumbi na kunyeshewa manyunyu hubaki na madoa ya vumbi hata kama lina seramiki.

Matone yaliyobaki yana hasara yake pia. Maji ya visima katika maeneo mengi ya pwani yana chumvi, na maji magumu ya kalisiamu hupatikana bara pia. Juu ya rangi tupu, maji kama hayo hutandaa na kukauka yakiwa utando mwembamba wa chumvi. Juu ya seramiki hukusanyika katika matone, na kila tone likikauka juani huacha madini yake yote mahali pamoja, pete nyeupe sawa na ukoko wa ndani ya birika la chai. Pete hizo zikiachwa zirundikane, sabuni haizitoi tena. Huhitaji kemikali ya asidi au polishi. Kwa hiyo gari lenye seramiki likioshwa kwa maji ya kisima, ni lazima likaushwe kwa taulo safi kabla jua halijalikausha. Mwenye gari aliyeambiwa kwamba amepunguziwa kazi ameongezewa moja.

Dai la kinga dhidi ya jua nalo linahitaji kupunguzwa. Miale ya urujuanimno ndiyo inayochosha rangi katika nchi za ikweta, na klia imewekewa kiwandani kemikali za kuifyonza miale hiyo. Silika safi, ambayo ndiyo msingi wa seramiki, huipitisha miale ya urujuanimno vizuri kiasi kwamba mirija ya taa za miale hiyo hutengenezwa kwa kioo cha kwatzi. Mtengenezaji anaweza kuongeza vifyonza-miale katika mpako, lakini utando wa mikroni moja hauna nafasi ya kubeba vingi. Kivuli cha banda hufanya kazi hiyo kwa ukamilifu zaidi.

Kwa kinyesi cha ndege hali ni ya katikati. Pwani ya Afrika Mashariki ina tatizo hilo kwa wingi kwa sababu ya kunguru wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka na ambao sasa wametawala Dar es Salaam na Mombasa. Kinyesi kina asidi. Zaidi ya hapo, kikikauka juani hugandamana juu ya klia iliyolainika kwa joto, na klia ikipoa hubaki na kovu la umbo lake. Seramiki hustahimili asidi kuliko nta, kwa hiyo humpa mwenye gari saa kadhaa za ziada. Haimpi wiki.

Kutu ndilo dai dhaifu kuliko yote. Katika miji ya hewa ya chumvi kama Tanga, Mombasa na Unguja Mjini, kutu huanzia penye chuma kilichoachwa wazi: chini ya sakafu ya gari, kwenye maungio ya mabati, ndani ya milango ambamo maji yametuama, na kwenye kingo zilizochubuka. Seramiki hupakwa juu ya rangi, yaani mahali ambapo chuma kimeshafunikwa tayari. Sehemu zinazooza haizifikii.

Hapo anayeitetea seramiki huonyesha ushahidi wa macho: gari liliingia karakana likiwa limefubaa, likatoka kama kioo. Ushahidi huo ni wa kweli, ila umepewa mwenye kesi asiye wake. Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Kabla chupa ya seramiki haijafunguliwa, gari huoshwa, hupitishwa udongo maalumu wa kunasa lami na chembe za chuma, hupigwa kompaundi na polishi kwa mashine, kisha hupanguswa kwa alkoholi ya isopropili ili mafuta ya polishi yasibaki. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima au mbili. Kupaka seramiki yenyewe ni suala la saa chache. Mng'ao anaoustaajabia mteja umetoka kwenye mashine. Gari lililopigwa polishi hivyo hivyo na kupakwa nta ya kawaida lingemstaajabisha vilevile siku ya kwanza. Na gari lililopakwa seramiki bila polishi hubaki na mikwaruzo yake yote, sasa ikiwa imefungiwa chini ya utando.

Polishi nayo si kazi isiyo na gharama, maana hung'arisha kwa kula. Mkwaruzo huondoka pale klia inayouzunguka inapopunguzwa mpaka ilingane nao, na usawazishaji mzito huweza kumaliza mikroni kadhaa kati ya zile 35 hadi 50. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika ukanda huu. Hata Kenya, yenye ukomo wa miaka minane kwa magari ya namna hiyo, hupokea magari ambayo huenda yamepigwa polishi kabla ya kuuzwa. Fundi makini hupima unene wa rangi kwa kifaa kabla ya kuwasha mashine. Toyota nyeupe za namba ya rangi 040, zilizojaa barabarani kuanzia Hiace hadi Land Cruiser, kwa kawaida hazina klia kabisa: rangi yao ni tabaka moja, na zikipigwa polishi kitambaa hugeuka cheupe kwa sababu kinachokwanguliwa ni rangi yenyewe. Kwa gari lililopakwa rangi upya gereji na kukauka kwa hewa tu, seramiki inapaswa kusubiri, kwa kawaida siku 30, mpaka viyeyushi vilivyomo ndani ya rangi vitoke.

Upakaji wenyewe hauvumilii uzembe. Mpako hukauka kwa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kwenye bati lenye joto hukamaa kabla fundi hajaupangusa, ukaacha mabaka meusi-meusi yanayoonekana kama mafuta. Mabaka yaliyogoma huondolewa kwa polishi tu, yaani kwa kurudia kazi. Kwa hiyo huduma inayotolewa chini ya mti, kando ya barabara yenye vumbi, adhuhuri, imeharibika kabla haijaanza. Baada ya kupakwa, gari huhitaji siku nzima bila kuguswa na maji na takriban wiki moja bila sabuni. Na likigongwa baadaye, fundi wa rangi lazima aambiwe kwamba lina seramiki, kwani asipoisaga yote kwa msasa rangi mpya haitashika.

Mahali ambapo seramiki inastahili sifa bila masharti mengi ni kwenye rimu, na ajabu ni kwamba huko ndiko wateja wengi wanakokuruka ili kupunguza bei. Kila breki inapokamatwa, pedi na diski husagika na kutoa vumbi jeusi la moto, lenye chembe za chuma. Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa kuwa breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Chembe hizo hunata kwenye vanishi ya rimu ya aluminiamu, hupata kutu, na huacha vidoa vya kahawia visivyotoka kwa sabuni. Mpako uliotengenezwa kwa ajili ya rimu, unaostahimili joto, huzuia chembe zisijipachike. Kinachobaki huoshwa kwa maji na brashi laini. Kazi nzuri hufanywa rimu zikiwa zimefunguliwa na kupoa, na upande wa ndani hupakwa pia. Diski na pedi hazipaswi kuguswa hata na tone la kimiminika hicho, maana uso wa breki ukiteleza hatari yake si ya urembo. Rimu iliyogongana na ukingo wa barabara itachubuka kama kawaida.

Suala la kudumu miaka mitano au zaidi linaweza kuamuliwa kwa kusoma cheti cha dhamana chenyewe. Vyeti vingi vya aina hii havidhamini mikwaruzo ya kuosha, madoa ya maji, kinyesi cha ndege kilichokaa, na michubuko ya mawe. Kisha humtaka mteja alirudishe gari kila mwaka kwa ukaguzi wa kulipia. Orodha ya yasiyodhaminiwa ni orodha ya yale yale yaliyomfanya mteja atoe fedha. Utando wenyewe hupungua kwa kila uoshaji, na hupungua upesi zaidi kwa sabuni kali, jua na vumbi. Matone yanapoacha kujikunja, aghalabu ni uchafu ulioufunika, na uoshaji mzuri hurudisha hali. Wakati mwingine utando umekwisha, hata kama cheti bado kina miaka.

Ikiwekwa mahali pake, seramiki ina kazi. Hudumu kuliko nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi na ambayo hushikilia kwa wiki kadhaa tu katika joto. Hustahimili kemikali vizuri. Hufanya tope na vumbi la breki viachie kwa urahisi, na hivyo kufupisha kazi ya kuosha. Huo ndio ukamilifu wa faida zake: ni kirahisishi cha usafi.

Mpangilio wa matumizi ya fedha hufuata hapo. Cha kwanza ni ndoo mbili, moja ya shampuu ya magari na nyingine ya kusuuzia, pamoja na glavu na taulo za mikrofaiba ambazo haziendi kwenye matairi. Cha pili ni marufuku ya kupangusa vumbi kikavu, itakayomhusu mlinzi, dereva na mwenye gari. Cha tatu ni kivuli. Cha nne ni polishi, mara moja na kwa kipimo. Rimu zifuate, kisha rangi, kama fedha bado ipo. Mwenye gari aliyetimiza manne ya mwanzo atapata thamani ya seramiki yake. Ambaye hajayatimiza hana sababu ya kuinunua, kwa kuwa kitambaa kikavu cha kesho asubuhi kitapita juu yake kama kilivyopita juu ya klia.